Mchungaji wa Mama Bethwel

Asubuhi mama yake alipomwita Mchungaji kwa mara ya kwanza, Kipyegon alikuwa amepiga magoti sakafuni akimvisha soksi. Ukungu wa Keringet ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi, na baridi ilikuwa ikijipenyeza chini ya mlango bila kubisha hodi. Miguu ya mama ilikuwa mikavu na myepesi, mifupa yake ikihesabika. Alipomaliza wa kulia na kuushika wa kushoto, aliuhisi ukirudi nyuma taratibu, kwa haya.

"Acha, Mchungaji," mama akasema. "Si vizuri wewe kunishika miguu. Mwanangu atakuja anivishe."

Kipyegon alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Ni mimi, Mama. Mimi Kipyegon."

Mama alimtazama kwa adabu ile ambayo waombolezaji humtazama nayo mhubiri aliyekosea jina la marehemu. "Kipyegon yuko Nakuru," akasema. "Anasomea uchungaji. Akimaliza watampa kanisa lake."

Jikoni, upande wa pili wa ukuta wa mbao, Chepkirui mkewe aliacha kukoroga uji. Kipyegon alimsikia akiacha. Kisha akausikia mwiko ukianza tena, polepole kuliko kwanza.

Kusahau kulikuwa kumeanza na vitu vidogo: chumvi, jina la ng'ombe, njia ya kwenda mtoni. Baadaye kukahamia kwa watu. Majirani walifutika mmoja mmoja, kisha Kimberly, mjukuu wake aliyekuwa shule ya bweni, kisha Chepkirui, ambaye sasa alikuwa "yule msichana mzuri anayetupikia." Daktari aliyemwona alisema ugonjwa huo hauna dawa, una kuzoewa tu. Kipyegon alikuwa amejiandaa kwa siku ambayo na yeye angefutika. Hakuwa amejiandaa kwa hili, kufutwa na kisha kuandikwa upya kwa jina ambalo alikuwa amelikimbilia maisha yake yote bila kulifikia.

Alijaribu kumsahihisha siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Kila alipofanya hivyo mama alifadhaika, akaanza kuitafuta leso yake ili aende Nakuru kumwangalia mwanawe, akasimama mlangoni akilia kwa sababu hakujua upande wa barabara. Mwishowe Kipyegon alinyamaza. Akamvisha soksi kama mchungaji.

Hapakuwa na mtu katika kanisa lile dogo la mabati asiyejua kwa nini Kipyegon alipaswa kuwa mchungaji. Tangu akiwa mtoto alikuwa ameisikia habari hiyo ikisimuliwa na mama yake wakati wa ushuhuda. Alipokuwa mchanga aliugua surua. Mvua za masika zilikuwa zimekata njia, hakuna gari lililopita, na mama alimfunga mgongoni akaanza kutembea kwenda hospitali ya Molo. Njiani mtoto alianza kukata pumzi. Mama akapiga magoti kwenye tope akasema: Mungu, ukimwacha huyu aishi, ni wako, akuhudumie madhabahuni mpaka mwisho. Hapo mama alikuwa akinyoosha mkono kumwonyesha Kipyegon kwenye benchi, na kanisa lote likageuka, na nyimbo zikaanza zenyewe.

Mtoto anayetazamwa hivyo hujifunza mapema kukaa wima. Hakucheza dansi, hakuonja pombe, hakupigana hata alipochokozwa. Alipomaliza shule alipata nafasi katika chuo cha misitu cha Londiani, na moyo wake ulikuwa huko kwa sababu alipenda miti na ukimya wake. Lakini mama alimwuliza swali moja tu, bila hasira: "Sasa nitamwambia nini Mungu?" Nafasi ile akaichukua mwingine. Kipyegon alibaki nyumbani, akalima viazi, akawa mwinjilisti wa kujitolea. Akahubiri Jumapili ambazo mchungaji hakufika, na ambazo hazikuwa chache, kwani mchungaji mmoja alikuwa akiyagawia makanisa mengi siku ile ile.

Kamati ya wito, iliyochagua wa kwenda kusomea uchungaji, ilikutana Nakuru. Mara ya kwanza walimwambia alama zake za shule ni ndogo. Akarudia mtihani akiwa tayari baba wa mtoto, akakaa darasani na watoto wa majirani. Aliporudi mbele yao, mzee mmoja wa kamati alimsikiliza akisimulia habari ya tope na surua mpaka mwisho, kisha akavua miwani. "Wito wa mama yako tumeusikia vizuri," akasema. "Wako je?" Kipyegon alijibu kwa mstari wa Biblia. Walimtazama wakingoja aendelee, naye hakuwa na zaidi. Safari ya tatu walimwambia, kwa upole, kwamba sasa wanatafuta vijana.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba swali la yule mzee lilikuwa limempata mahali pake. Hakuwahi kusikia chochote. Alifunga kula, alikesha, alipanda hadi ukingo wa msitu wa Mau akapiga magoti kwenye majani yenye umande, na alichosikia ni nyani na misumeno ya watu waliokuwa wakiiba mbao. Wenzake walisimulia ndoto, sauti, moto kifuani. Yeye alikuwa na ahadi ya mama tu. Akajiambia ahadi hiyo inatosha, kwamba Mungu aliyekwisha kulipwa hana sababu ya kuita.

Masika yalipofika, mama alianza kuomba Meza ya Bwana.

"Mchungaji, umenipita," alisema Jumapili moja, baada ya ng'ombe kukamwa. "Kila mtu umempa. Mimi umenipita."

Kipyegon alimweleza kwamba hana ruhusa. Katika kanisa lao aliyewekewa mikono ndiye pekee aliyeweza kutoa mkate na kikombe, na mwinjilisti aliyejitwalia jambo hilo alikuwa amejifanya kitu asichokuwa. Aliahidi kumwita Mchungaji Wanyoike kutoka Molo. Alimwita kweli, lakini barabara ilikuwa imekatika, na Wanyoike aliomba radhi kwa simu huku sauti yake ikipotea na kurudi. Mama hakuelewa habari ya barabara. Alielewa kwamba mchungaji alikuwa ameketi mbele yake na amekataa kumpa.

"Nimefanya nini?" akauliza. Hakulia. Aliuliza tu, Jumapili ile na iliyofuata, akiweka mikono yake miwili juu ya magoti, viganja juu. "Niambie nilichofanya, nitubu."

Kipyegon aliinuka akaenda jikoni. Alikata kipande cha mkate, akamimina kwenye kikombe cha chai juisi nyekundu iliyokuwa imebaki tangu Kimberly alipofunga shule. Chepkirui alikuwa akimenya viazi. Alimtazama mumewe akipita na vitu vile mikononi.

"Ruhusa hiyo umepewa na nani?"

"Hakuna aliyenipa."

"Wakijua?"

"Watajua."

Alirudi, akasema maneno aliyoyajua kwa moyo tangu utoto, akaumega mkate. Sauti yake ilitetemeka kama ya mwizi. Mama alipokea, akafumba macho, akatafuna kwa muda mrefu. Siku ile hakutafuta leso. Alikaa kwenye kiti chake dirishani akitazama mvua, akiwa ametulia, na jioni alikula uji wote. Kuanzia hapo ikawa hivyo kila Jumapili. Kipyegon hakuhisi utakatifu wowote katika jambo lile. Alihisi kama mtu anayempa mgonjwa maji akimwambia ni dawa, kwa sababu dawa haipo.

Mvua zilipoanza kupungua, ilikuja Jumapili ambayo mama aliusukuma mkono wake.

"Siwezi kula nikiwa na hili," akasema. Alizungumza lugha ya nyumbani, iliyokuwa imebaki safi ndani yake huku mengine yakimomonyoka. "Keti, Mchungaji. Wewe unafahamiana na mwanangu?"

"Nafahamiana naye."

"Mtu mzuri."

"Anajaribu, Mama."

"Nilimdhulumu." Alikuwa akitazama mikono yake. "Nilikuwa na mtoto kabla yake. Bethwel. Huyo ndiye aliyeugua surua."

Kipyegon alilijua jina hilo. Ndilo watu wote walilomwitia mama yake, Mama Bethwel, jina la kaka ambaye hakuwahi kumwona, aliyekufa kwa homa, hivyo ndivyo alivyoambiwa, na ambaye hakuzungumzwa. Aliweka kikombe chini, kwa uangalifu, kana kwamba kilikuwa kimejaa kitu cha moto.

"Nilimbeba kwenda Molo," mama aliendelea. "Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimsikia akipumua hapa." Akagusa shingo yake kwa nyuma. "Pumzi yake ilikuwa ya moto, nikajua yupo. Ikaanza kukawia. Nikapiga magoti. Nikasema yale maneno, kwamba ni wako, akuhudumie. Niliyasema yote, sikuacha hata moja. Nilipoinuka, shingo yangu ilikuwa imepoa."

Ng'ombe alilia nje. Mama alisubiri anyamaze.

"Nikaendelea kutembea. Kurudi kulinishinda, na kumteremsha kulinishinda. Nilifika hospitali, nesi akamfungua mgongoni, akaniangalia. Hakuniuliza kitu."

"Pole, Mama."

"Halafu nikazaa huyu mwingine. Huyu hakuwahi kuugua hata mafua, alikuwa na afya kama ndama. Siku moja kanisani wakasema mwenye ushuhuda asimame. Nikasimama. Nilitaka niseme habari ya Bethwel. Nilitaka niulize mbele ya watu kwa nini nilimpa Mungu mtoto na Mungu hakumchukua vile nilivyompa. Nikasimulia mvua, nikasimulia barabara. Nilipofika pale kwenye magoti, watu wote walikuwa wananitazama, wamama wengine wameshika midomo. Nikashindwa kumuua mara ya pili. Nikasema alipona."

Uso wake ulikuwa na mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia habari hiyo.

"Wakauliza ni yupi. Nikawaonyesha huyu mdogo, alikuwa amelala kwenye benchi. Wakapiga makofi, wakaimba. Nikaona ni vizuri mtoto apone, hata kama ni kwa maneno tu. Sasa mtoto amekuwa mtu mzima, Mchungaji. Anangoja Mungu amwite kwa ahadi ambayo Mungu haijui."

Kipyegon alijaribu kuhesabu alichopoteza, lakini hakikuhesabika. Kilikuwa ni umri wote. Akataka kusimama na kulitamka jina lake mbele ya uso ule mpaka umtambue, hata kama ni kwa muda wa kuumia tu. Mama alikuwa ameinua macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyekaa kwa miaka mingi katika foleni, na sasa amefika dirishani.

"Mungu atanisamehe?"

"Amekusamehe," akasema. Hakujua ni nani aliyesema. Hakuwa na uhakika kwamba palikuwa na mtu upande wa pili wa maneno hayo.

"Na yeye? Mwanangu?"

Mtu angeweza kusema ndiyo. Kipyegon alilitafuta neno hilo akakuta halipo kinywani. "Nitamuuliza," akajibu.

"Usimuulize." Mama alimshika mkono, kwa nguvu ambayo hakuwa nayo kwa miezi mingi. "Usimwambie kabisa. Ana moyo mwepesi yule. Niahidi."

"Sitamwambia."

Ndipo mama akafungua viganja vyake, akangoja mkate.

Wiki ile viazi viligeuka. Majani yalinyauka mchana jua likiwaka kidogo tu, na Kipyegon alipochimba shina alikuta viazi vimelainika, ukivibonyeza vinatoa ute mweupe. Ulikuwa mnyauko, na mnyauko ukishaingia udongoni hakuna la kufanya ila kung'oa. Yeye na Chepkirui waliinama mistarini wakaanza kung'oa, na ni hapo, bila kuinua kichwa, alipomweleza.

Chepkirui aliendelea na kazi mpaka alipofika mwisho wa mstari. Kisha akakaa juu ya gunia.

"Uliponiposa, mama aliniita pembeni," akasema. "Akanieleza habari ile ya barabarani. Nilikuwa nimeposwa na mwalimu pia, unajua. Nikasema, afadhali nikaolewe na mtu ambaye Mungu anamjua kwa jina."

"Najua."

"Kumbe hakuwa anakujua wewe."

Aliyasema bila uchungu, na ndiyo maana yaliuma. Kipyegon alipangusa mikono kwenye suruali.

"Ungeenda Londiani," Chepkirui akasema.

"Ningeenda."

"Tungekuwa tunakaa ndani ya msitu, kwenye zile nyumba za serikali. Ningekuwa na bustani ya maua." Alitazama shamba lililolala kama nguo zilizoanguka kamba. "Utamwambia kwamba umejua?"

"Nimeahidi sitamwambia."

"Hutamwambia nani?"

"Kipyegon."

Chepkirui alimtazama, mabega yake yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka ambacho hakikuwa na furaha hata kidogo, na kilipokwisha alijifuta macho kwa nyuma ya mkono wenye udongo. Wakarudi mistarini. Jioni walichoma mashina, na moshi wake ulikuwa mzito, wenye harufu ya kitu kibichi.

Kipyegon hakupanda mimbarini Jumapili zilizofuata. Aliwaambia wazee wa kanisa kwamba anamwuguza mama, na ilikuwa kweli. Alijaribu kuomba, akajikuta akisikiliza pumzi zake mwenyewe. Awali ukimya wa Mungu ulikuwa chumba cha kungojea. Mtu alikaa humo akiamini kuna mlango wa ndani. Sasa ilionekana kilikuwa chumba tu.

Mchungaji Wanyoike alifika barabara ilipoanza kukauka. Aliliacha gari lake kwenye lami akatembea, viatu vimejaa tope, mkoba mdogo mweusi wa Meza ya Bwana ukining'inia begani. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliyezeeka kwa kuzika watu. Kabla hajaketi alitoa habari aliyokuja nayo.

"Bwana asifiwe, ndugu yangu. Wamekukubali. Wachungaji wazee wanastaafu na vijana hawataki kuja huku juu. Niliwaambia ninaye mtu aliyekaa mlangoni miaka yote. Utaonana na kamati mara moja tu, mambo ya kawaida, kisha Septemba unaingia chuoni."

Chepkirui, aliyekuwa akileta chai, alisimama na birika mkononi. Kipyegon alisema asante. Hakuongeza neno, na Wanyoike akadhani ni furaha iliyomziba kinywa.

Mchungaji akaufungua mkoba wake, akapanga kikombe kidogo na sahani mbele ya mama. Mama alivitazama, akamtazama yeye.

"Huyu ni daktari?" akamwuliza Chepkirui. "Mimi siumwi."

"Ni Mchungaji Wanyoike, Mama. Amekuletea Meza ya Bwana."

"Mchungaji wangu ninaye," mama akasema, na akaficha mikono yake chini ya leso. "Hunipa kila Jumapili, ng'ombe wakishakamwa. Ni yule pale."

Wanyoike alivirudisha vyombo vyake mkobani kimoja kimoja, bila haraka, akamwombea mama kwa maneno machache, akatoka nje. Kipyegon alimfuata hadi kwenye ua wa ng'ombe.

"Umekuwa ukimpa?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoanza."

Wanyoike aliegemea mti wa ua. "Hilo naweza kulinyamazia. Mama ni mgonjwa, na mimi sikuja nilipoitwa. Sehemu ya kosa ni yangu."

"Kuna lingine." Kipyegon akamweleza habari ya Bethwel, yote, mpaka shingo iliyopoa. Wanyoike alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hivyo sina wito, Mchungaji. Sikuwahi kuwa nao. Nilikuwa na wa marehemu."

"Nikuambie ukweli?" Wanyoike alisema. "Mimi niliingia kwa sababu nilikuwa nimefeli kwingine. Nilidhani wito utanikuta njiani. Kuna siku nadhani ulinikuta. Kuna siku nasimama kaburini nikisema maneno na sijui kama kuna anayesikia zaidi ya wenye msiba. Lakini wenye msiba wanasikia. Nenda Nakuru, Kipyegon. Waambie unachoweza kuwaambia. Usiwaambie kila kitu."

Ofisi ya kamati ilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilitazama ziwa. Maji yalikuwa yamepanda miaka ya karibuni yakaimeza misitu ya kando yake. Migunga iliyokufa ilisimama ndani ya maji, myeupe, bila jani. Kipyegon aliitazama huku wakimsalimia. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, ambaye alimwambia mara moja asiwe na wasiwasi.

"Tuambie tu kwa maneno yako mwenyewe," akasema, "jinsi Mungu alivyokuita."

Ilikuwa rahisi. Njia ilikuwa imelimwa tayari: mvua, barabara, magoti. Watu wazima wanne walikuwa wameegemea viti vyao wakiwa tayari kuguswa. Kipyegon alifungua kinywa akasikia sauti ya mama yake ikisimulia kabla hata hajaanza, akaona jinsi ambavyo yeye naye angefika pale kwenye magoti na kulazimika kuchagua.

"Hakuniita," akasema.

Aliwaeleza yaliyobaki kwa maneno machache, pamoja na habari ya mkate na juisi nyekundu. Hakulitaja jina la Wanyoike. Hakuna aliyemkatiza.

"Na hilo la Meza ya Bwana utaliacha?" mwenyekiti akauliza.

"Anaponiomba sijui kukataa."

Walimwomba asubiri nje. Alikaa kwenye benchi kando ya kijana aliyevaa tai mpya, aliyekuwa akisoma Biblia kwa kusogeza midomo. Alipoitwa tena, mwenyekiti alimshukuru kwa ukweli wake, na ilionekana wazi kwamba alimaanisha. Jina lake lingeondolewa. Wangependa pia apumzike kuhubiri kwa kipindi, kwa ajili ya amani ya kanisa, na akome kutoa kile asichopewa kukitoa. Wakamwombea, mikono yao ikiwa mizito juu ya kichwa chake. Nafasi akapewa kijana mwenye tai.

Njiani kurudi alitarajia kuhisi wepesi, kama watu wasemavyo kuhusu mtu aliyetua mzigo. Hakuuhisi. Mzigo ulikuwa umetuliwa kweli, lakini mgongo ulikuwa umeshachukua umbo lake.

Alimkuta mama amepiga hatua nyingine kwenye ule ukungu wake wa kusahau. Chepkirui alimweleza mlangoni, kwa sauti ndogo: tangu alipoondoka mama hakuwa amemwulizia mchungaji, wala mwanawe, wala mtu yeyote. Maneno yalikuwa yamekauka. Kipyegon aliingia akachuchumaa mbele yake. Macho ya mama yalipita juu yake kama yanavyopita juu ya ukuta, yakaenda dirishani.

"Mama," akasema. "Ni Mchungaji."

Macho yale hayakutoka dirishani. Kipyegon alikaa pale mpaka magoti yakafa ganzi. Hata lile jina la kuazima lilikuwa limechukuliwa.

Jumapili ilifika. Kengele ya kanisa, kipande cha reli kilichofungwa kwenye mti, iligongwa na mtu mwingine. Kipyegon alikamua ng'ombe, akaosha mikono, akaketi karibu na moto akiwa hana pa kwenda. Alikuwa ameamua kutii. Hapakuwa na ushujaa katika kutii huko, kwani hapakuwa tena na mtu wa kumwomba.

Chepkirui alitoka jikoni. Alikuwa amebeba kipande cha mkate juu ya kisahani, na kikombe. Juisi ilikuwa imekwisha zamani. Ndani palikuwa na chai ya rangi. Aliviweka juu ya kigoda, mbele ya mumewe.

"Hajaomba," Kipyegon akasema.

"Hawezi kuomba tena."

"Wamenikataza, Mama Kimberly."

"Umeniambia."

Kipyegon alingoja aendelee kusema, lakini Chepkirui hakuwa na hoja ya kumpa. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, na hakuwa ameenda kanisani. Kipyegon alitazama mkate. Akatafuta ndani yake sauti, moto, hata woga ule wa mwizi wa mara ya kwanza, na hakuna kilichoitika. Nje mvua ilianza upya, ikayapiga mabati yote kwa pamoja, kiasi kwamba alipoyasema yale maneno hakuweza kuyasikia mwenyewe. Aliona tu midomo ya mkewe ikiyafuata.

Alichovya mkate kwenye chai ili ulainike, akausogeza hadi kwenye midomo ya mama. Mama alifungua kinywa kama kinda anavyofungua, bila kujua ni nani anayelisha wala ni nini. Akatafuna. Tone la chai lilimteremka kidevuni, Kipyegon akalipangusa kwa kidole.

Alipogeuka kurudisha kisahani, Chepkirui alikuwa ameketi sakafuni kando ya kiti cha mama, miguu ameikunja upande mmoja, viganja vyake viwili vimefunguka juu ya magoti. Kulikuwa na udongo wa shamba kwenye mistari ya viganja hivyo, udongo usiotoka kwa maji.

"Unajua mimi si…"

"Najua wewe ni nani," akasema.

Kipande kilichobaki kilikuwa kidogo. Akakigawa.